Binti Aliyerudishwa kwa Mashini

Mwaka 2020 televizio moja ya Korea ya Kusini ilionyesha mama aliyefiwa na binti yake mdogo. Mafundi walimvalisha mama huyo chombo cha kufunika macho, na ndani ya chombo akamwona mtoto wake amesimama mbele yake, anacheka, anamwita. Mama akanyosha mikono. Mtoto hakuwapo, ilikuwa picha iliyotengenezwa kwa kompyuta. Wengi waliotazama walilia. Wengine walikasirika, wakauliza kama ni haki kumfanyia mtu mwenye kilio jambo la namna hii.

Miaka kumi kabla ya siku ile, mchezo mmoja wa televizio wa Marekani ulikuwa umekwisha kuuliza neno hilohilo, tena kwa kirefu zaidi. Jina lake ni «Caprica». Waliotunga ni Remi Aubuchon na Ronald D. Moore. Filamu yake ya kwanza ilianza kuuzwa mwezi wa Aprili 2009, kisha tarehe 22 Januari 2010 stesheni ya Syfy ikaanza kuuonyesha kwa vipindi. Haukumaliza hata mwaka mmoja. Tarehe 27 Oktoba 2010 wenye stesheni walitangaza kwamba wanaukata, na wakati huo vipindi vitano vilivyokwisha kupigwa picha vilikuwa havijaonekana bado.

Mimi nimeutazama wote, na filamu ya kwanza nimeitazama mara mbili. Watu wanaousikitikia husema: tumenyimwa mwisho. Neno hilo si la kweli, maana mwisho twaujua. Kilichopotea ni kitu kingine, na kwa sisi wakristu kitu hicho ni kikubwa kuliko mwisho.

Kwanza ni lazima kujua kwamba «Caprica» ni mtoto wa mchezo mwingine, «Battlestar Galactica», ulioonyeshwa tangu 2003 hata 2009, na huo nao ni wa Glen A. Larson wa mwaka 1978 uliofanywa upya. Katika «Galactica» wanadamu wanakaa katika dunia kumi na mbili. Wametengeneza mashini zenye umbo la mtu, zinazoitwa Cylon, ziwatumikie na kuwapigania. Mashini zinaasi. Baada ya miaka mingi ya kunyamaza zinarudi, zinawaua watu karibu wote. Wanaookoka ndani ya merikebu za angani ni wapata elfu hamsini tu. Basi «Caprica» inarudi nyuma miaka 58 kabla ya maangamizi hayo. Anayeanza kuitazama amekwisha kuona makaburi. Anataka kujua ugonjwa ulianzaje.

Ulianza katika nyumba ya matajiri. Daniel Graystone ni fundi mkubwa wa kompyuta. Ndiye aliyebuni utepe unaovaliwa machoni, na kwa utepe huo vijana wanaingia katika dunia ya picha, wanafanya humo kila uchafu wasioweza kuufanya barabarani. Mkewe Amanda ni mganga wa kupasua. Binti yao Zoe ana miaka 16, ni mwenye akili nyingi, na hapatani na wazazi wake. Watu wa dunia zile huabudu miungu mingi, Zeu na Apolo na Athena. Zoe kwa siri amemgeukia Mungu mmoja. Siku moja anapanda treni pamoja na kijana rafiki yake, wakimbilie dunia nyingine. Kumbe kijana ni mfuasi wa chama cha siri cha hao wanaomsadiki Mungu mmoja, naye amefunga baruti mwilini. Treni inalipuka. Zoe anakufa.

Kabla ya kufa Zoe alikuwa ametengeneza mfano wake mwenyewe katika dunia ya picha. Alikusanya yote yaliyoandikwa juu yake tangu kuzaliwa, vipimo vya waganga, karatasi za shule, vitu alivyonunua, barua na picha, akayapatanisha mpaka mfano ukasema na kufikiri kama yeye. Daniel anauvumbua. Mfano wenyewe unamweleza hesabu: ubongo wa mtu una habari kama megabaiti 300, si nyingi, kazi ni kujua zilipo. Nawaomba mkumbuke hesabu hiyo. Ukiikubali, mchezo wote unafuata kama treni ifuatavyo njia yake.

Katika treni ileile alikufa pia mke wa wakili mmoja, Joseph Adama, pamoja na binti yao Tamara. Daniel anafanya naye shauri baya. Joseph ana ndugu aliye mtu wa genge la wezi. Amsaidie Daniel kuiba kifaa kimoja cha kompyuta, na Daniel atamfanyia mfano wa Tamara. Joseph anakubali. Ninyi mliofiwa mwajua kwa nini anakubali.

Hapo ndipo penye kipande kizuri kuliko vyote katika mchezo huu. Joseph anavaa utepe, anaingia, anamkuta Tamara. Anamkumbatia. Mara mtoto anaanza kuogopa. Anajishika kifuani, anamwambia baba yake kwamba hausikii moyo wake ukipiga. Analia kwa hofu. Joseph anatoka mbio, anasema kitu hiki ni chukizo, hataki. Anarudi kwa mwanawe aliye hai, anamfundisha jina la ukoo wao, ambalo alikuwa amelificha ili wenyeji wasimdharau.

Mtungaji aliyeandika kipande hiki, hata kama hakukusudia kufundisha dini, amefundisha. Tangu zamani Kanisa linatuambia kwamba mtu ni mwili na roho pamoja, na Papa Pio XII mwaka 1950 alikumbusha tena kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Hatutoki katika karatasi za shule. Bwana wetu Yezu Kristu alipofufuka aliwaonyesha Mitume mikono na miguu, akala samaki mbele yao. Hakuwaachia kumbukumbu iliyopangwa vizuri. Na Tamara yule wa picha, asiye na moyo kifuani, ndiye anayejua upesi kuliko wataalamu wote kwamba kuna kitu kimepungua.

Lakini Daniel hakimbii. Anauchukua mfano wa Zoe, anautia katika mashini ya vita anayowatengenezea wakubwa wa serikali. Anadhani kazi imeharibika na mfano umepotea. Kumbe umo ndani, unasikia yote. Na sasa baba, bila kujua, anamtesa mtoto aliyekuwa akimtafuta. Siku moja anaileta mashini mbele ya wakubwa wa kampuni yake. Anataka waone namna inavyotii, basi anaiamuru ijing'oe mkono. Inajing'oa. Anawasifia mtumwa asiyechoka, asiyedai mshahara. Wale wanafurahi, maana wanaona faida. Baadaye anaanza kushuku kwamba Zoe yumo, naye anaizungushia moto mashini ili ajifunue, kwa sababu Zoe aliogopa moto tangu utoto. Baba anayelilia binti yake ndiye huyo anayewasha moto. Sijaona mchezo mwingine wa namna hii unaoonyesha wazi hivyo jinsi upendo usiokubali kifo unavyogeuka kuwa ukatili.

Niseme neno dogo pembeni. Katika nyumba ya Graystone hakuna matanga. Watu wanakuja na maua, wanakwenda. Usiku baba yuko peke yake katika chumba chake cha kazi, na mama yuko peke yake kitandani. Kwetu jirani hulala hapohapo chini siku kadhaa, wanasumbua, wanakula, wanaimba, na mwenye kilio hapati nafasi ya kujifungia na mawazo yake. Zamani niliiona desturi hiyo kuwa gharama bure. Nilipomtazama Daniel usiku ule nilibadili shauri.

Tena Daniel anageuza msiba wake kuwa biashara. Anataka kuuza mifano ya wafu kwa watu wote: aliyefiwa na mumewe alipe, mume arudi nyumbani. Na bidhaa hiyo anaipa jina «Grace», yaani Neema! Kipindi kimoja kinaanza na tangazo lake la biashara: baba anarudi nyumbani jioni, mke na watoto wanamlaki, na baba huyo ni marehemu. Neno ambalo kwa imani yetu ni kipaji cha bure cha Mungu limebandikwa bei. Kipindi hicho kilionekana tarehe 26 Oktoba 2010. Kesho yake mchezo ukakatwa.

Sasa nafika mahali ambapo wakristu wengine wataona uchungu. Katika mchezo huu wanaomsadiki Mungu mmoja ndio wanaotega baruti, na wapagani ndio watu wa amani. Mama Clarice Willow, mkubwa wa shule ya Zoe, anavaa kama mtawa wa miungu, na kwa siri ni kiongozi wa chama kile cha wauaji. Kwanza nilitaka kuzima televizio. Nilidhani ni dharau kwa dini yetu. Lakini nilivumilia, na nikaona kwamba Clarice hafanani na mtu wa imani. Anafanana na mtu asiyeweza kuvumilia imani.

Tazameni shauri lake. Anajenga mbingu katika dunia ya picha, yenye kuta na nuru. Anataka wafuasi wake walipue uwanja wa michezo uliojaa watu, wafe pamoja nao, kisha mifano yao ionekane hai katika mbingu ile ya kutengenezwa. Watu wote wakishaona kwa macho, wataamini. Hapo nilimkumbuka yule tajiri wa Injili katika mateso yake, aliyemwomba Abrahamu amtume Lazaro kwa ndugu zake watano, apate kuwaonya. Abrahamu alikataa: wanao Musa na manabii. Clarice hakubali jibu la Abrahamu. Anataka Lazaro aonekane kwa kila mtu, na kama Lazaro hayupo, basi fundi amtengeneze. Ndipo anapohitaji maiti, maana bila maiti mbingu yake haina wakaaji. Sisi tunaoishi katika nyakati hizi, ambao tumesikia na wengine tumeona watu wakiua huku wakilitaja jina la Mungu, hatuna sababu ya kukasirika tukionyeshwa mama huyu. Tunamfahamu.

Lakini nalaumu jambo moja. Mchezo haumwonyeshi hata mtu mmoja anayemsadiki Mungu mmoja akimsali kwa unyenyekevu, akimtunza mgonjwa, akisamehe. Lacy, rafiki wa Zoe, angaliweza kuwa mtu huyo. Ana moyo mwema, naye mara moja anakataa kuua. Wanampeleka katika kambi ya mafunzo ya vita, na katika picha za mwisho tunamwona amekuwa Mama mkuu wa dini ile. Alifikaje? Hatuelezwi. Njia yake yote imekatwa.

Na hilo ndilo neno langu juu ya kukatwa. Watungaji walipojua kwamba wamefukuzwa, walikuwa na kipindi cha mwisho, na mwishoni mwake wakatia dakika chache za kuonyesha mambo yatakayokuja. Mashini za Daniel zimewazuia wauaji katika uwanja wa michezo, na Zoe ameivunja mbingu ya Clarice. Watu wameokolewa, Cylon wanapigiwa makofi. Kisha miaka mitano inaruka kwa mara moja. Cylon wako kila mahali, wanajenga nyumba, wanatembeza mbwa wa matajiri. Clarice, aliyeponyoka, yumo katika kanisa la dunia ya picha, naye anawahubiria Cylon kwamba wao nao wana uzima na ni watoto wa Mungu, na kwamba siku itakuja watawalipa wanadamu. Na katika chumba cha Daniel, mwili mpya wenye ngozi unainuka kutoka majini, nao ni Zoe, na wazazi wako kando yake wakimngoja.

Mmeona shida? Kazi ya kwanza ya Cylon mbele ya watu ilikuwa kuokoa roho za watu. Kazi yao ya mwisho, katika «Galactica», ni kuangamiza dunia kumi na mbili. Kati ya kazi hizo mbili kuna nini? Nani aliwatukana? Nani alijua kwamba wanasikia uchungu, akanyamaza kwa sababu ya faida? Siku gani mtumwa aliacha kungoja? Hayo ndiyo tuliyoahidiwa, na hayo ndiyo yasiyokuwapo. Wazee husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mchezo huu ulitaka kutuonyesha malezi ya muuaji siku kwa siku, na wakamkata angali mtoto. Mtu anayekwenda kuungama hafaidiki kujua kwamba mwisho wa dhambi ni mauti, amekwisha kusikia. Anachohitaji ni kujua alikanyaga wapi Jumatatu, na wapi Jumanne.

Tena ule mwili unaoinuka majini umeniacha na huzuni. Katika filamu ya kwanza Joseph alikataa mfano, na hata baadaye alipoanguka katika kishawishi cha kumtafuta Tamara katika dunia ya picha, mfano wenyewe ndio uliomfukuza arudi kwa walio hai. Lilikuwa jibu la kweli na gumu. Mwishoni Daniel na Amanda wanapewa binti mwenye ngozi, wanapatana, na musiki wa Bear McCreary unapiga polepole kama Aleluya. Je, ni Zoe? Kama ni Zoe, Joseph alikosa. Kama siye, wazazi hawa wawili wanaiabudu sanamu. Mchezo uliouliza swali hilo kwa moyo wa Tamara usiopiga hauna tena muda wa kujibu, basi unatuonyesha picha nzuri na kupita. Ingekuwapo miaka miwili zaidi, nasadiki swali lingerudi kubisha mlango wa nyumba ile.

Kosa si la wenye stesheni peke yao, lazima kusema haki. Usiku wa kwanza walitazama watu kama milioni 1.6, na baada ya muda wakashuka chini ya milioni moja. Waliopenda «Galactica» walitaka merikebu na vita, wakapewa mawakili, shule na ugomvi wa ndoa. Watungaji nao walishika kamba nyingi mno kwa mkono mmoja, mara genge la wezi, mara kampuni, mara chama cha siri, mara mji wa picha ambamo Tamara anazunguka kama mzimu. Kuna vipindi ambavyo Zoe haonekani sana. Lakini wenye stesheni walifanya jambo lisilo la busara. Tarehe 26 Machi 2010 walisimamisha mchezo saa ile Amanda amejirusha kutoka darajani, wakawaacha watu zaidi ya miezi sita bila kujua kama amekufa, kisha wakaurudisha Oktoba katika siku nyingine ya juma, Jumanne badala ya Ijumaa. Nani angaliwangoja? Vile vipindi vitano vilivyobaki walivitupa vyote katika usiku mmoja, tarehe 4 Januari 2011, wakati ambapo vilikuwa vinauzwa tayari katika diski. Mwaka 2012 ikatoka hadithi nyingine ya ukoo huohuo, «Blood & Chrome», yenye merikebu na mizinga kama watu walivyotaka. Haikurudi kuuliza habari za Zoe.

Wachezaji wanastahili sifa. Eric Stoltz anamwonyesha Daniel bila kupiga kelele, na kwa hiyo anaogopesha zaidi. Esai Morales ana uso wa mtu anayeona haya kwa huzuni yake mwenyewe. Polly Walker, ambaye ni Clarice, anatabasamu kama mama wa chama cha parokia, na mtazamaji anaanza kutetemeka kabla hajajua sababu. Paula Malcomson, yaani Amanda, ndiye niliyemwamini kuliko wote.

Watoto wasitazame. Kuna mauaji, kuna mahali pa ufisadi katika dunia ya picha, na nyumba ya Clarice ina waume wengi na wake wengi, na ndoa nyingine zisizo ndoa kwetu, zinazoonyeshwa kama mambo ya kawaida. Wakubwa wenye kupenda kufikiri waanze na filamu ya kwanza, maana imekamilika yenyewe kama hadithi moja, na baada yake wazungumze kwanza kabla ya kuendelea. Aliyefiwa karibuni asiitazame peke yake. Akitaka kuiona, aketi na ndugu, na mtu awe karibu na taa wakati Tamara anapojishika kifuani.